Nafasi za rangi: ya kuhariria picha na ya kumkabidhi mteja

Bofya shavu la bibi harusi kwa kidonoarangi cha Photoshop na utapewa namba tatu. Tuseme nyekundu 141, kijani 85, bluu 54: kahawia ya ngozi iliyopata mwanga mzuri. Lakini namba hizo zina maana hiyo endapo tu faili limo kwenye nafasi ya rangi, yaani kanuni ya kutafsiri namba kuwa rangi, iitwayo sRGB. Kahawia hiyohiyo, isiyo na tofauti yoyote machoni, ndani ya Adobe RGB huandikwa takriban 127, 86, 58. Faili hili la pili likifika kwenye mashine inayodhani kila kinachoingia ni sRGB, mashine itachapa 127, 86, 58 kama ilivyozisoma. Nyekundu imeshuka kwa 14, bluu imepanda kwa 4, na shavu linatoka limepauka kama lililopakwa majivu. Mpiga picha atalaumu karatasi, mwenye maabara atalaumu kamera, na vifaa vyote viwili ni vizima.

Malalamiko mengi ya rangi yanayosikika kwenye studio za Dar es Salaam yanaanzia hapo. Namba za pikseli hazina rangi mpaka ziwe na maelezo ya kuzitafsiri. Maelezo hayo ni profaili, kipande kidogo cha data kinachopachikwa ndani ya faili. Namba bila profaili ni sawa na bei ya "elfu moja" iliyoandikwa bila kutaja kama ni shilingi ya Tanzania au ya Kenya: muuzaji ana hesabu yake kichwani, mnunuzi ana yake. Utaratibu wa profaili unaotumika leo ulianza mwaka 1993, kampuni za kompyuta na za upigaji picha zilipounda muungano uitwao ICC (International Color Consortium) ili faili moja lisomeke kwa namna moja kwenye kamera, skrini na printa. Hivyo swali la "nitumie nafasi gani ya rangi" ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja: utahariria wapi, na utakabidhi faili likiwa wapi. Majibu yake si lazima yafanane.

Nafasi nne za kuzijua

sRGB ilitolewa na HP na Microsoft mwaka 1996 na ikawa kiwango rasmi cha kimataifa mwaka 1999. Ilipimwa kwa kufuata skrini za wakati ule, zile za kioo kizito chenye kisogo kirefu, kwa hiyo upeo wake wa rangi ni mdogo. Ubora wake ni kwamba kila mtu anaielewa. Kivinjari kikikutana na picha isiyo na profaili huichukulia kuwa sRGB, na maabara nyingi za picha hufanya vivyo hivyo.

Adobe RGB ya mwaka 1998 ilikuja na Photoshop 5. Wengi huiita "kubwa zaidi" na kuishia hapo, ilhali ukubwa huo haujaenea pande zote. Upeo wa nafasi ya rangi huchorwa kama pembetatu yenye pembe ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Pembe yake ya nyekundu na ya bluu ni zilezile za sRGB. Kilichosogezwa ni pembe ya kijani. Faida yake basi ipo kwenye kijani kilichokolea na kwenye rangi za kati ya kijani na bluu: maji ya Mbudya saa sita mchana, kitenge cha kijani kibichi, jezi ya Yanga. Mwenye picha za jezi nyekundu ya Simba haongezewi karibu chochote, na huo ni utani wa hesabu wala si wa mpira. Wachapaji wanaipenda Adobe RGB kwa sababu ya wino: samawati (cyan) ya mitambo ya ofseti, ikichapwa peke yake kwenye karatasi nzuri, iko nje ya sRGB lakini inaingia ndani ya Adobe RGB.

Display P3 ni ya Apple. Inapanua nyekundu na kijani, bluu inabaki palepale. Simu za iPhone zimekuwa na skrini na kamera za upeo huu tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, na picha zake hutoka zikiwa na profaili hiyo. Ukichanganya picha za simu ya mpambaji na za kamera yako kwenye albamu moja, kumbuka kuwa umeshachanganya nafasi mbili za rangi.

ProPhoto RGB ilitoka Kodak. Ni pana kiasi kwamba takriban asilimia 13 ya rangi zake haziwezi kuonekana na jicho la binadamu. Zipo kwenye hesabu tu. Kati ya programu za kusafishia picha, Lightroom hufanya kazi zake za ndani kwa pembe za ProPhoto, RawTherapee nayo huanzia hapo, na darktable hutumia Rec2020, ambayo pia ni pana. Sababu ni kwamba kihisio cha kamera kinaweza kunasa rangi zilizo nje ya sRGB na hata nje ya Adobe RGB, na mhariri mwenye busara hazitupi kabla hajajua picha inakwenda wapi.

Upana una gharama yake. Faili la biti 8 lina ngazi 256 tu kwa kila chaneli (ya nyekundu, ya kijani na ya bluu), liwe la sRGB au la ProPhoto. Ukizitandaza ngazi hizo 256 kwenye eneo kubwa zaidi, hatua kati ya ngazi moja na nyingine inakuwa ndefu. Piga picha ya anga la Coco Beach alfajiri, rangi ikipanda taratibu kutoka chungwa hadi bluu, uihariri kwenye ProPhoto ya biti 8 na uongeze kontrasti kidogo: anga litakatika mistari mistari kama ngazi za nyumba. Kwa hiyo ProPhoto ni ya biti 16 peke yake. JPEG haibebi zaidi ya biti 8, na hiyo inatosha kuiondoa JPEG ya ProPhoto kwenye orodha ya vitu vya kumpelekea mtu yeyote.

Menyu ya kamera

Kamera nyingi zina chaguo la sRGB au Adobe RGB. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi la kihisio, chaguo hilo halibadilishi data ya picha. Faili ghafi halina nafasi ya rangi bado. Inapatikana programu inapolisafisha. Kinachobadilika ni picha ndogo ya kwenye kioo cha kamera, histogramu yake (grafu ya mgawanyo wa mwanga), na lebo.

Ukipiga JPEG, chaguo hilo ni la kudumu, na kwa mtu wa harusi, send-off, kipaimara na picha za pasipoti msimamo wetu ni mmoja: weka sRGB na usahau. Adobe RGB kwenye JPEG ya kamera inakupa kijani ambacho wateja wengi hawatakiona, na inakuletea hatari ya ngozi kupauka kila faili linapopita kwa mtu asiyejua. Kuna kero nyingine pia. Baadhi ya kamera hazipachiki profaili kamili kwenye JPEG ya Adobe RGB. Zinaandika tu kwenye maelezo ya faili neno "Uncalibrated" pamoja na alama ndogo, na programu isiyojua kusoma alama hiyo inakisia sRGB. Utazitambua picha hizi kwa jina: zinaanza na mstari wa chini, mfano _MG_ kwa Canon au _DSC kwa Nikon na Sony, badala ya IMG_ na DSC za kawaida.

Bluu ya ukumbini

Hapa ndipo picha nyingi za jijini zinapofia. Kumbi za sherehe zimejaa taa za LED, na bluu ya LED ni kali kuliko pembe ya bluu ya sRGB. Kwa kuwa Adobe RGB na Display P3 zina pembe hiyohiyo, kuhamia huko hakukusaidii. Ni ProPhoto na Rec2020 tu zinazofika mbali zaidi upande huo.

Matokeo yake unayajua: gauni jeupe lililomulikwa bluu linakuwa bapa, mikunjo imepotea, shanga hazionekani, na pengine bluu yenyewe imegeuka zambarau. Ukidonoa pikseli utakuta bluu imegonga 255 na nyekundu imekaa kwenye 0 eneo zima. Nyekundu hiyo ya 0 ndiyo ushahidi. Rangi halisi ilihitaji nyekundu ya chini ya sifuri, nafasi ndogo haina namba hiyo, kwa hiyo tofauti zote ndogo za mikunjo zimekatwa zikawekwa kwenye sifuri moja.

Wengi hujaribu kubadili njia ya ugeuzaji wa rangi, wakichagua ile ya kiutambuzi (perceptual) badala ya ile ya uwiano wa vipimo (relative colorimetric), wakitumaini programu itabana rangi zote taratibu ziingie. Kutoka ProPhoto kwenda sRGB ya kawaida hilo halitokei. Profaili ya kawaida ya sRGB ina fomula fupi tu, haina jedwali la kubana rangi, kwa hiyo njia zote mbili zinatoa jibu moja: kinachozidi kinakatwa. Kubana ni kazi yako, na unaifanya ukiwa bado kwenye faili pana.

Katika Lightroom, ukiwa kwenye sehemu ya kusafishia (Develop), bonyeza S ili uone picha kama itakavyokuwa kwenye sRGB. Washa alama ya onyo kwenye kona ya histogramu. Sehemu zitakazokatwa zitafunikwa kwa wekundu. Kisha nenda kwenye paneli ya "Calibration" na upunguze ukolevu wa pembe ya bluu. Anza na 20, ukifika 40 tazama ngozi, maana sliidi hii inagusa picha nzima. Mikunjo ya gauni itaanza kurudi. Ikiwa ngozi imeharibika, rudisha sliidi nyuma na upunguze ukolevu kwa brashi, juu ya gauni pekee. Kama chaneli ya bluu iliungua tangu kwenye kamera, hakuna sliidi ya kuirudisha. Chini ya taa hizo punguza mwanga wa picha kwa stopu moja, na utazame histogramu ya rangi tatu badala ya ile nyeupe moja, kwa sababu ile nyeupe hubeba uzito mdogo sana wa bluu na itakuambia kila kitu ni salama.

Kubandika lebo na kugeuza

Photoshop ina amri mbili chini ya menyu ya Edit ambazo hufanana kwa jina na kupingana kwa kazi. "Convert to Profile" hubadili namba ili rangi ibaki ileile. "Assign Profile" huacha namba zilivyo na kubadili lebo tu, hivyo rangi inabadilika. Kwa ule mfano wa shilingi, ya kwanza ni kwenda duka la kubadilishia fedha. Ya pili ni kufuta neno "Tanzania" kwenye bei na kuandika "Kenya".

Kosa la kawaida ni kutumia ya pili ili "kuitoa picha Adobe RGB". Picha inapauka papo hapo, mhariri anaongeza ukolevu mpaka ngozi ipendeze kwenye skrini yake, anahifadhi. Sasa ana faili la sRGB lililoharibiwa kwanza kisha likatiwa viraka. Kijani cha maua na nyekundu ya midomo havitakaa sawa tena, kwa sababu upungufu wa nyekundu haukuwa sawa kwa kila rangi. Nyekundu kamili ya sRGB, 255, 0, 0, ni 219, 0, 0 kwenye Adobe RGB. Kijani kamili, 0, 255, 0, ni 144, 255, 60. Hakuna sliidi moja ya ukolevu inayoweza kufidia tofauti hizo mbili kwa pamoja.

Kugeuza nako kusifanywe ovyo. Kila safari ina makato ya kukadiria namba nzima, na kwenye biti 8 makato hayo yanajikusanya. Geuza mara moja tu, mwishoni, kwenye nakala, ukitoka nafasi pana kwenda nyembamba. Kugeuza sRGB kuwa ProPhoto hakurudishi rangi iliyokwisha kukatwa.

Mpangilio wa kuwekwa mara moja: kwenye Color Settings chagua kutunza profaili zilizopachikwa, na uweke vema kwenye visanduku vya kukuuliza faili linapokuja na profaili tofauti au bila profaili. Ujumbe huo unakera siku za mwanzo. Uache, kwa sababu ndio unaokujulisha kuwa mteja amekutumia picha ya P3 kabla hujaibandika kwenye bango la sRGB.

Kwa anayeanza na RAW tunashauri ProPhoto ya biti 16 kutoka Lightroom hadi Photoshop, faili kuu likihifadhiwa kama TIFF au PSD. Anayeanza na JPEG ya sRGB abaki sRGB mwanzo hadi mwisho. Hana cha kupanua. Adobe RGB ya biti 16 inamfaa anayejua tangu mwanzo kuwa kazi ni ya uchapaji, mfano brosha ya hoteli ya ufukweni au katalogi ya michoro ya Tingatinga, ambayo rangi zake za mafuta zinang'aa kuliko karatasi nyingi zinavyoweza kubeba.

Kukabidhi

Kwa mtandao na simu: sRGB, JPEG ya biti 8, profaili ikiwa imepachikwa. Kwenye dirisha la kutolea faili la Photoshop kuna visanduku viwili, cha kugeuza kuwa sRGB na cha kupachika profaili. Weka vema kwenye vyote viwili. Kumtumia mteja faili kwa WhatsApp, litume kama dokumenti, kwani likienda kama picha litaminywa upya. Na kabla ya kubishana naye kuhusu rangi, muulize anatazama kwa simu gani. Simu nyingi za Android zenye skrini za AMOLED huuzwa zikiwa kwenye hali ya rangi kali, na hapo kila ngozi inageuka chungwa. Mwambie aingie kwenye mipangilio ya skrini aweke rangi za asili, kisha atazame tena.

Kwa maabara ya picha, zile mashine za Noritsu na Frontier, peleka sRGB isipokuwa fundi amekuambia vingine. Mashine inaweza kusoma profaili zote vizuri, lakini mwenye zamu anaweza kuwa ameizima sehemu hiyo ili kazi iende haraka. Kabla ya kuchapa albamu nzima, toa kipande kimoja cha majaribio chenye ngozi, gauni jeupe na suti nyeusi. Kitazame nje kivulini. Taa nyingi za dukani zinapotosha rangi za karatasi.

Kwa ofseti na mabango hadithi ni nyingine, maana huko ni CMYK, yaani wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Usigeuze mwenyewe kwa kubahatisha. Photoshop iliyowekwa kwa mipangilio ya Marekani itakupeleka kwenye SWOP, profaili ya uchapaji ya Marekani, wakati mchapaji anaweza kuwa anafuata FOGRA39 ya Ulaya au profaili ya mtambo wake. Uliza vitu viwili: profaili gani, na kikomo cha jumla cha wino (asilimia za wino zote nne zikijumlishwa). Karatasi laini ya kung'aa hubeba kama asilimia 300 hadi 330. Karatasi ya gazeti kama 240, na ukizidisha, nyeusi ya suti itabaki mbichi na kuchafua ukurasa wa pili. Wenye mashine za mabango mara nyingi wanataka RGB ili programu yao igeuze yenyewe. Ukishapewa profaili, iweke kwenye Photoshop, fungua "Proof Setup" chini ya menyu ya View uichague, kisha tumia Ctrl+Y kuwasha na kuzima. Bahari yako ya Mbudya itafifia hapohapo kwenye skrini, na ni afadhali uione ikififia hapo, faili likiwa bado mikononi mwako, kuliko kwenye nakala zilizokwisha kulipiwa.

Skrini inayokudanganya

Yote hayo ni bure ikiwa skrini yenyewe haioni. Laptopu nyingi za ofisini, zikiwemo zilizotumika zinazouzwa Kariakoo, zina kioo ambacho karatasi ya sifa hukitaja kama "45% NTSC", kipimo cha upeo wa rangi kilichotokana na televisheni za zamani. Hiyo ni takriban theluthi mbili tu ya sRGB. Ukihariria hapo, nyekundu inaonekana imefifia, unaiongeza, na mteja anapata midomo inayowaka. Tafuta 72% NTSC au 100% sRGB. Kwa ukubwa hizo mbili zinakaribiana. Skrini ya upeo mpana nayo si dawa yenyewe: isipopimwa, programu zisizosoma profaili zitakuonyesha kila kitu kimekolea kupita kiasi. Kama huna kolorimeta (kifaa cha kupimia rangi za skrini), iweke kwenye hali yake ya sRGB.

Mwenye kolorimeta aiache skrini iwake nusu saa, kisha aipime kwa nyeupe ya D65 (ya mwanga wa mchana), gama 2.2 na mwanga wa kandela 100 hadi 120 kwa mita ya mraba. Zima mwanga wa usiku wa Windows na True Tone ya Apple. Picha zinazotoka giza kwenye karatasi, karibu mara zote, zilihaririwa kwenye skrini iliyowashwa mpaka mwisho kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.

Faili lisilo na profaili

Limebaki lile faili ambalo mtu wa tatu ameshalipitisha kwenye programu iliyofuta profaili, na hakuna anayekumbuka lilitoka wapi. Hapa "Assign Profile" inapata kazi yake halali. Lifungue bila kugeuza chochote, kisha libandike sRGB, Adobe RGB, Display P3 na ProPhoto, moja baada ya nyingine, ukitazama ngozi. Jina linaloanza na mstari wa chini linakuelekeza Adobe RGB. Ngozi iliyokufa kabisa, yenye ukijivu unaoelekea kijani, mara nyingi ni ProPhoto. Sahihi ikipatikana utaijua, kwa sababu ngozi, majani na nyeupe vitakaa sawa kwa pamoja bila kusogeza sliidi yoyote. Ukiona ngozi imekaa lakini majani yanawaka, bado hujafika. Ukishapata, geuza kwenda sRGB kwa "Convert to Profile", hifadhi nakala yenye profaili, na ulibadilishe jina ili la zamani lisirudi tena kwenye folda ya mteja.